Siku Tatu Bila Viatu

Viatu vilikuwa vimepangwa langoni tangu jana asubuhi: ndala zilizokatika mikanda, raba, makubazi, viatu vya plastiki vya wachimba udongo. Jozi arobaini na ushee. Edita Nghambi alisimama mbele ya safu hiyo akiwa na mabuti yake ya kazi miguuni, na watu wote waliokuwa wameketi uwanjani wakayatazama mabuti kwanza, ndipo wakamtazama yeye.

"Poleni na msiba," alisema.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akinyunyiza maji uwanjani kwa kata aliimimina kata yote mbele ya ncha za yale mabuti, taratibu, kama anayemwagilia mche.

"Vua," alisema.

"Siwezi, dada yangu. Haya ndiyo kipimo chenyewe. Nikiyavua sina tena kazi niliyotumwa."

"Mimi si dada yako. Vua, au rudi ulikotoka."

Huyo alikuwa Nyemo, binti wa marehemu. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Nyuma yake, kwenye mikeka, sauti ya mwanamke ilisema, "Mwacheni huyo, kazaliwa nayo." Mwingine akadakia, "Na atazikwa nayo. Shirika la umeme likimwona peku litamfukuza." Kikapita kicheko kifupi, kikavu, cha watu waliokwisha kulia.

Mzee mmoja aliyeegemea ukuta alimnyooshea mkongojo. "Huyu si mjukuu wa Mbeleje? Bibi yako na dada yangu walikanyaga udongo shimo moja miaka ishirini. Leo unakuja kumuaga na mabuti?"

"Shikamoo, babu."

"Sina marahaba ya kumpa aliyevaa buti msibani," alijibu Mzee Chiloleti, kaka wa marehemu, akageuza uso.

Edita aliijua desturi. Hilo ndilo lililomchoma. Watu wa Mfinyanzini hufinyanga kwa miguu kabla ya mikono; udongo mweusi wa bondeni hukanyagwa na maji kutwa nzima mpaka ulainike, ndipo uguswe na kiganja. Kwa hiyo mfinyanzi akifa, mtaa mzima huvua viatu siku tatu, na uwanja wa msiba hunyunyizwa maji asubuhi, mchana na jioni, ili vumbi lisimpande aliyelala. Edita alipokuwa na miaka sita alikaa siku tatu peku kwa ajili ya bibi yake, kwenye uwanja ulioloa namna hii hii. Lakini wakati ule umeme wa jiji la Lukando ulikuwa bado juu ya nguzo.

"Nipeleke shimoni tu," alimwambia Nyemo kwa sauti ya chini. "Nitapita nje ya ua. Sitakanyaga msiba wenu."

Nyemo aliitupa kata ndani ya ndoo. "Pita huku. Na usiongee na mtu."

*

Shimo la kukanyagia lilikuwa nyuma ya nyumba, pana kama chumba, lenye tope linalofika kwenye vifundo vya miguu. Hapo ndipo marehemu, Mama Semeni, alipoanguka juzi alasiri, katikati ya wimbo, mbele ya binti yake. Cheti kilisema moyo. Edita alikuwa ametumwa kupima ardhi, kuandika kwamba ardhi ni salama, na kuondoka.

Alishuka ndani ya tope. Kila soli ilikuwa na bati la shaba linalogusa ardhi, na bati la kushoto likilinganishwa na la kulia, buti hutoa namba ambayo mafundi huiita volti za hatua. Umeme unaovuja ardhini husambaa kama maji yaliyomwagika, mkali kwenye chanzo na hafifu kadiri unavyokwenda mbali. Mtu akisimama miguu pamoja, miguu yote miwili iko kwenye nguvu moja, hapati kitu. Akipiga hatua, mguu mmoja unakuwa kwenye nguvu kubwa na mwingine kwenye ndogo, na ile tofauti inapita mwilini mwake.

Kidirisha kwenye mkono wake kiliwaka.

"Ngapi?" aliuliza Nyemo kutoka ukingoni.

"Thelathini na nane."

"Na mwisho ni ngapi?"

"Tisini. Ikifika tisini ule mtambo wetu, Mlinzi, unakata umeme wenyewe, haungoji mtu."

"Aa." Nyemo alitikisa kichwa kama aliyeelewa. "Kwa hiyo mama hajafa."

Mita mbili chini ya tope ulipita Mshipa wa Saba, waya mkuu wa umeme, unene wa paja la mtu, uliojaa ute unaoziba nyufa zake wenyewe. Hauhitaji fundi, walisema waliouzika. Ukikatwa, unapiga kelele mpaka makao makuu. Na mwizi akiuchimba ukaona mwanga wa jua, hata upana wa kiganja, unajizima papo hapo na hauwashwi tena mpaka ufukiwe. Kitu kimoja tu hawakukipima kwa miaka ya kutosha: udongo huu mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mbuzi. Masika huvimba na kufunga. Kila mwaka uliuvuta Mshipa na kuuachia, ukauvuta na kuuachia, na ute ukajifunza kuziba kwa tope. Mshipa ulikuwa unavuja, nao ulijiona mzima.

"Tangu Desemba alikuwa anasema udongo unamng'ata," alisema Nyemo. "Tulimcheka. Tukamwambia, mama, ni uzee huo. Akawa anaimba kwa nguvu zaidi ili asiusikie." Alishuka ukingoni, akauweka mguu mmoja mtupu ndani ya tope, mwingine akiuacha juu. Msuli wa shavu la mguu ukaruka kama chura. Uso wake haukubadilika. "Hii hapa thelathini na nane yako. Ishike."

"Toa mguu!"

"Unaniogopea? Mama hukumwogopea."

"Nyemo, toa mguu, tafadhali."

Aliutoa. Edita aliyatazama mabuti yake, soli nene ya mpira juu ya lile bati la shaba. Yeye ndani ya tope lile lile hakuwa amesikia hata kuumwa na mdudu.

Miaka tisa nyuma, Mlinzi alipokuwa akiwekewa kikomo, kwenye kiwanja cha majaribio kule Kilimani, mwezi Agosti, ardhi kavu kama kigae. Fundi mdogo kuliko wote alikuwa yeye, mwenye mabuti mapya, wa kwanza katika ukoo wake kuvaa kitu kama kile. Walipandisha volti huku yeye akitembea. Hamsini, hakuna kitu. Sabini, hakuna. Tisini, akacheka akawaambia waendelee tu. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja: *hali ya miguu*. Aliandika: *viatu, kama mtu wa kawaida*. Hakuna aliyemuuliza mtu wa kawaida ni yupi. Yeye mwenyewe, mjukuu wa Mbeleje, hakujiuliza. Tisini ikawa sheria ya jiji zima.

*

"Naomba idhini ya kukata Mshipa wa Saba," alisema kwenye kidude cha sikioni. Alikuwa amepanda kutoka shimoni na kusimama kando ya sanduku la kukatia, lililojengwa juu ya kisiki cha nguzo ya zamani, nje tu ya lango la msiba. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mashariki.

Mhandisi Mkuu Kalinga hakuchelewa kujibu. "Umepata ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Edita."

"Mkuu, tisini ni ya mtu aliyevaa viatu. Nilivaa viatu. Huku watu wanafanya kazi peku, ndani ya maji. Leo wako msibani, wote peku, na uwanja umeloa. Namba ni mbovu. Niliiandika mimi."

Akasikia kiti kikivutwa.

"Sikiliza, binti yangu. Unajua kwa nini tulikata nguzo?"

"Najua."

"Hujui, ulikuwa shule. Mimi nilikuwa kwenye gari la wagonjwa lililokwama bondeni kwa saa nne, mke wangu yuko nyuma, barabara imekuwa mto. Nyaya zimeanguka mbele, zinacheza juu ya maji kama nyoka, dereva anakataa kupita. Saa nne nzima. Sasa vile vindege vya wagonjwa, vipepeo, vinavuka bonde kwa dakika sita, na vinavuka kwa sababu hakuna waya hata mmoja angani na kwa sababu Mshipa unavilisha kutoka chini. Mwaka jana vilibeba wagonjwa elfu kumi na moja. Ukisema namba ni mbovu, kesho watadai nguzo. Nguzo zikisimama, anga linafungwa. Nenda ukawaambie hao elfu kumi na moja."

"Na hawa huku?"

"Waambie wavae viatu."

Edita aliitazama ile safu ya ndala langoni. "Hawatavaa. Si leo."

"Basi hilo ni kosa lao, si la Mshipa."

Tone la kwanza lilimpiga shingoni. La pili likaangukia sanduku. Kisha mvua ikaja yote kwa pamoja, kama mtu aliyebinua pipa.

*

Wafiwa hawakuinuka. Hiyo nayo ilikuwa desturi. Mvua ya msiba hukaliwa. Wanaume walilivuta turubai, wanawake wakaikunja mikeka wakabaki wameketi juu ya udongo mtupu. Edita aliinua kidirisha. Alikuwa kwenye kizingiti cha lango, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Arobaini na nne. Arobaini na tisa.

Mbwa wa jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikimbia kukatisha uwanja akitafuta paa la kujificha, miguu minne ikitupwa mbali mbali, na katikati ya uwanja akalia mlio mmoja mkali, akaanguka ubavu, akakakamaa.

Watu waliruka kusimama.

"Msitembee!" Edita alipiga kelele. "Simameni hapo hapo! Miguu pamoja! Msipige hatua!"

"Nani kakupa mtaa wa kuamuru?" mwanamume mmoja alifoka. Alianza kumjia, akapiga hatua mbili, goti likamkatika, akaangukia mikono yake na kuanza kutetemeka.

"Miguu pamoja! Hatua ndiyo inayoua!"

"Rahisi kusema na hayo mabuti!"

Ilikuwa kweli. Edita hakufikiri tena. Alifungua kamba, akayavuta mabuti moja baada ya jingine, akayaweka kwenye safu langoni, akauruka kizingiti kwa miguu yote miwili kwa pamoja, kama watoto wanavyoruka mchezoni. Alitua kwenye tope. Hakuna kitu. Akausogeza mguu wa kulia mbele nusu unyayo, makusudi, mbele ya macho yao wote.

Uliuma kutoka kisiginoni mpaka kwenye taya. Ulimi ukajaa ladha ya chuma. Alilia kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, akauvuta mguu nyuma.

"Mmeona?" alisema, akihema. "Miguu pamoja. Shikaneni mikono asianguke mtu. Nawaombeni."

Nyemo alikuwa karibu na mlango wa nyumba. Alimtazama Edita, kwa chuki ile ile, haikupungua hata tone. Kisha akapaza sauti. "Fanyeni anavyosema! Unganisheni miguu! Mjomba, usisogee!"

Wakafanya. Watu arobaini katika mvua, wameshikana mabega, miguu imebanwa kama waliofungwa kamba. Yule aliyeanguka walimvuta akakaa kama furushi, magoti kifuani.

Edita aliruka hivyo hivyo kurudi langoni, akachomeka miguu ndani ya mabuti bila kufunga kamba, akalifikia sanduku. Kidirisha: hamsini na nane. Aliingiza ufunguo.

"Usiguse hapo," alisema Kalinga sikioni mwake. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Edita, kuna kipepeo juu ya Saba. Namba mia mbili na kumi na nne. Mjamzito, anatoka damu. Amebakiza dakika mbili avuke. Ukikata sasa kinaanguka."

Aliinua macho. Alikiona: taa ya bluu ndani ya mvua, chini kabisa, ikija.

"Kina akiba ya kutua?"

"Akiba ya sekunde kumi na tano, na chini yake ni nyumba kila mahali. Dakika mbili tu, mwanangu. Wamesimama, si wamesimama? Watasimama dakika mbili."

Aliwatazama. Sitini na tatu. Midomo ya wengine ilikuwa ikienda, wakiomba. Mama mmoja alimbeba mtoto begani. Na pembeni, pale ukutani, Mzee Chiloleti alikuwa amesimama peke yake, hakuna bega la kushika, mkongojo umemponyoka na kuelea kwenye maji. Miguu yake myembamba ilikuwa inatetemeka.

"Babu, vumilia!" aliita. "Kidogo tu!"

"Navumilia nini, we mtoto?" mzee alijibu kwa hasira. "Nina miaka themanini na mbili. Magoti haya hayakuulizi."

Ilibaki dakika moja na sekunde thelathini. Taa ya bluu ilikuwa juu ya paa za mtaa wa pili. Sitini na nane. Edita alihesabu kwa sauti bila kujua anahesabu. Mtu mmoja asiye na jina, juu, akitoka damu, ambaye hakumkosea mtu. Watu arobaini chini, ambao mmoja wao alikuwa anainama sasa, polepole, akiupeleka mguu pembeni ili akae.

"Mjomba!" Nyemo alipiga ukelele. Akatimua mbio kumkimbilia.

Edita alizungusha ufunguo.

Mlio uliokuwa chini ya ardhi, ambao walikwisha kuuzoea kiasi cha kutousikia, ukakatika. Nyemo alimdaka mjomba wake wakaanguka pamoja kwenye tope, wazima. Na juu yao taa ya bluu ikapepesuka, ikazimika, ikashuka kwa mshindo upande wa nyuma ya nyumba. Kipepeo kilikuwa kimejitafutia mahali palaini. Kilianguka ndani ya shimo la Mama Semeni.

Hakuna aliyengoja kuambiwa. Walikimbia wote, peku, wale wale, wakapiga magoti topeni na kung'oa mlango kwa vyuma vya kuchokolea tanuri. Mwanamke alikuwa hai. Waliichukua machela ya mtaa, ile waliyombebea marehemu jana, bado imeegemezwa ukutani na majani yake, wakamlaza, wanaume wanane wakainyanyua, wakaanza kukwea barabara ya Kilimani, iliko hospitali, ndani ya mvua. Edita alishika ncha ya nyuma. Mtu mmoja alimsukuma kwa bega, akaichukua yeye.

"Wewe umeshafanya yako," alisema.

*

Asubuhi ya siku ya tatu Kalinga alimpokea ofisini akiwa amesimama. Hakulala, shati lilikuwa la jana.

"Mama amepona," alisema. "Mtoto hakupona. Alikuwa wa kike."

Edita aliketi bila kukaribishwa.

"Mabuti yako yalifikia sabini na moja. Haikufika tisini, Mlinzi hakusema kitu. Kwa maandishi hakukuwa na hatari, na wewe umeangusha kipepeo." Alimsogezea karatasi. "Soma. Inasema mabuti yalikuwa mabovu, yalikudanganya, ukaogopa. Tunabadilisha mabuti ya mafundi wote. Unabaki kazini. Namba inabaki, na anga linabaki wazi. Saa kumi leo Saba inawashwa."

"Na Mfinyanzini?"

"Tutawagawia viatu."

"Mkuu, nikisaini hapa yule mtoto amekufa kwa ajili ya buti bovu."

"Na usiposaini amekufa kwa nini?" Kalinga alimwinamia usoni. Hakuwa mtu mbaya, na Edita alitamani angekuwa. "Nijibu. Wangapi wengine watakufa barabarani humo kwa sababu umesimamisha nguzo? Una namba? Wewe ni mtu wa namba. Nipe."

"Sina."

"Basi saini."

Aliishika kalamu muda mrefu. Alimfikiria mwanamke aliyelazwa hospitalini, kitanda cha mtoto kitupu ubavuni. Alitaka kuwe na jibu ambalo yule mwanamke angelikubali, akajua kwamba halipo, si kwenye karatasi hii wala nyingine. Mwishowe akaigeuza karatasi, akaandika nyuma yake: *Tisini ni namba yangu. Niliipima nikiwa na viatu. Ni ya uongo kwa mtu asiye navyo.* Akaweka jina, tarehe, na namba yake ya kazi.

"Hii itachukua miezi kusomwa," alisema Kalinga. Sauti yake ilikuwa ya kuchoka. "Saa kumi nawasha."

"Najua," alisema Edita.

*

Alipofika langoni jua lilikuwa limetoka na udongo unafuka mvuke. Aliyavua mabuti. Aliyapanga mwisho wa safu, baada ya ndala ya mtoto, akaingia.

Alitembea mpaka katikati ya uwanja, pale mbwa alipoangukia, akasimama mbele ya Nyemo.

"Nimekuja kusema jambo, na mtanifanya mnavyotaka. Ile tisini niliipima mimi. Mimi ndiye niliyesema mtu hadhuriki."

Nyemo alimtazama kuanzia miguuni. "Ulivaa viatu?"

"Nilivaa."

"Na ulikuwa unajua sisi ni watu gani."

"Nilikuwa najua."

Kofi lilikuja kabla hajalimaliza neno. Edita hakuinua mkono. Hakuna aliyemzuia Nyemo, na hakuna aliyemshangilia.

"Mtoto wa yule mama?" aliuliza Nyemo baadaye, akisugua kiganja chake.

"Hakupona."

Mama mmoja kwenye mkeka alijifunika uso kwa kanga. "Kwa hiyo tuna misiba miwili hapa," alisema Nyemo, "na yote umeileta wewe."

"Ndiyo. Na saa kumi wanawasha tena. Mshipa hauwashwi ukiwa umeona jua. Mita mbili kwenda chini. Sasa ni saa tano."

Ilichukua muda neno hilo kuwazunguka. Mtu alisema, "Vipepeo je?" na mwingine akasema, "Havitapita," na mwanamume aliyemsukuma Edita kwa bega jana akasema, "Mke wangu ana mimba ya miezi minane," akaangalia chini. Barabara ya kwenda Kilimani ilionekana kutoka pale walipo, nyekundu, imekatwa na mvua sehemu tatu.

"Tutambeba," alisema Nyemo mwishowe, si kwa upole. "Jana tumebeba. Tutabeba mpaka nguzo zisimame."

"Nguzo mtazitoa wapi?" mtu aliuliza kwa kejeli. "Walizikata zote."

"Moja iko darini kwangu," alisema Mzee Chiloleti. "Niliwaambia ni boriti. Miaka kumi na tisa naitazama nikilala."

Wengine walicheka, safari hii kicheko chenye maji ndani yake. Nyemo hakucheka. Alikwenda ukutani, akarudi na jembe la mama yake, mpini umelainika kwa jasho la miaka, akamtupia Edita miguuni.

"Mliuzika wenyewe. Fukua."

Edita alilishika. Alichimba peke yake kando ya uwanja saa nzima na wao wakiwa wameketi wanamtazama, malengelenge yakapasuka viganjani, tope likamfika magotini. Saa ya pili yule mwenye mke mjamzito alishuka shimoni na koleo, bila kusema naye neno, akaanza upande wa pili. Kisha wengine. Kila walipopumzika, walipumzika mbali naye.

Saa tisa na nusu jembe liligonga kitu kinachonesa. Edita alipiga magoti akafuta tope kwa mikono. Mshipa ulikuwa mweusi, umekwaruzika, na ute wake mweupe ulikuwa umechuruzika na kuganda kila upande kama mizizi, mmoja ukielekea shimo la kukanyagia, mmoja ukija moja kwa moja chini ya mikeka. Jua likaugusa. Mstari mwembamba wa kijani uliokuwa ukipepesa ubavuni mwake ukazimika.

Juu ya bonde, kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine, hakikuvuma kitu. Edita alisikiliza kimya kile, akajua kwamba mahali fulani ng'ambo, wakati huu huu, kuna mtu anaambiwa angoje.

"Umechoka?" aliuliza Nyemo akiwa ukingoni, kivuli chake kikimwangukia.

"Nimechoka."

"Hapa wataufukia kwa siku moja. Saba inaanzia wapi?"

"Chanzoni, kilomita nne."

Nyemo alimpa kata ya maji. Aliishikilia mpaka Edita alipomaliza kunywa, kisha akamnyang'anya, akamwelekeza kwa kidevu upande ambao Mshipa ulikuwa unapotelea ndani ya udongo.

"Basi endelea."